Herufi tano, irabu ishirini: kwa nini Kiingereza hutamkwa tofauti kinavyoandikwa

Msomaji wa Kiswahili akiona herufi "a", anajua sauti yake kabla hajalimaliza neno. Irabu zetu ni tano, na kila moja ina herufi yake. Kiingereza nacho kinatumia herufi hizo hizo tano za Kilatini, lakini matamshi sanifu ya kusini mwa Uingereza yana irabu zipatazo 20, zikiwemo zinazoanza na sauti moja na kuteleza hadi nyingine ndani ya silabi moja.

Chukua "cat", "cut" na "cart". Sikio lililolelewa na Kiswahili husikia "a" mara tatu. Kumbe katika neno la kwanza ulimi uko mbele, la pili uko katikati, na la tatu umerudi nyuma na sauti inavutwa. Kwa "ship" na "sheep", wanafunzi wengi huambiwa tofauti ni urefu tu. Maelezo hayo hayatoshi. Katika "ship" ulimi hushuka kidogo na kulegea, sauti ikakaa kati ya "i" na "e" yetu. Maneno tuliyokopa yanaonyesha jinsi sikio linavyohangaika: "nurse" na "shirt" yana irabu moja, lakini kwetu yamekuwa nesi na shati.

Mkanganyiko wa tahajia una historia. Katika karne ya 14, Waingereza walitamka "name" karibu na jinsi Mswahili angeisoma leo, ila "a" ilikuwa ndefu na "e" ya mwisho hafifu. Kati ya takriban mwaka 1400 na 1700, irabu ndefu zilihama kinywani: nyingine zikapanda, yaani ulimi ukainuka zaidi, na zilizokuwa juu kabisa zikagawanyika kuwa irabu za kuteleza. Wakati huo huo William Caxton alikuwa amefungua kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476, na vitabu vikaanza kuimarisha tahajia ya kale. Sauti zikaendelea na safari, maandishi yakabaki.

Irabu inayosikika zaidi katika Kiingereza haina hata herufi yake. Wanafonetiki, yaani wataalamu wa sauti za lugha, huiita shwa: ulimi umetulia katikati, midomo imelegea, sauti ni fupi. Iko mwanzoni mwa "about" na mwishoni mwa "teacher". Hutokea katika silabi isiyo na mkazo, na mkazo wa Kiingereza hauna makao maalumu kama wetu unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho. "Photograph" ina mkazo mwanzoni. Katika "photographer" unahamia silabi ya pili, na "o" ya kwanza inafifia kuwa shwa.

Lafudhi ya Afrika Mashariki si kasoro, na hakuna haja ya kuiga London. Lakini anayetaka kueleweka popote aanze na mkazo, ndipo aje kwenye irabu moja moja. Mwalimu atamke jozi kama "full" na "fool" kabla ya kuziandika ubaoni, wanafunzi waseme wamesikia ipi. Kwenye kamusi, kistari kidogo cha juu katika alama za matamshi hutangulia silabi yenye mkazo.