GB za memori kadi si ubora wa picha

"Kadi yangu ni ya GB 128, mbona picha imetoka na ukungu?" Swali hili halikosekani kwenye studio za kutoa picha hapa katikati ya Nairobi, na aghalabu huulizwa kwa ukali, fundi akiangaliwa kama mwizi. Tuliweke sawa.

GB ni nafasi, basi. Kadi hupokea faili kutoka kwa kamera na kuihifadhi vile vile, bila kuongeza wala kupunguza chochote. Ukali wa picha huwa umeshaamuliwa kabla faili haijafika kwenye kadi: lenzi, fokasi, mwanga, na idadi ya pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha. Hiyo ya mwisho ina hesabu yake. Mashine ya studio hutoa picha safi kwa pikseli 300 hivi kwa kila inchi, kwa hiyo picha ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800, na A4 inataka 2480 kwa 3508. Kamera ya megapikseli 24, yaani pikseli milioni 24, hutoa 6000 kwa 4000. Iandikie kadi ya GB 8 au ya GB 128, faili ni ile ile.

Haya mazoea ya kuchanganya mambo hayakuzuka hivi hivi. Kamera za kwanza za dijitali ziliuzwa na kadi ndogo mno, MB 8 au 16 (MB 1000 hivi ndizo GB 1). Picha moja ya megapikseli 2 ilikula karibu MB 1, kwa hiyo kadi ya MB 16 ilijaa baada ya picha kumi na kitu. Mpiga picha wa harusi angefanyaje? Alishusha saizi kwenye menyu hadi 640 kwa 480 ili zitoshe nyingi. Zikichapwa inchi 4 kwa 6, hizo ni pikseli 107 tu kwa inchi, na nyuso zinatoka na vijiraba. Aliyenunua kadi kubwa aliacha kamera kwenye saizi ya L, ile kubwa zaidi, picha zake zikatoka safi, na sifa ikaenda kwa kadi. Enzi hizo kulikuwa na chembe ya ukweli. Leo hata kadi ya GB 16 hubeba zaidi ya picha elfu moja za JPEG, faili za kawaida za picha, za MB 10.

Tena kadi kubwa yaweza kukukwamisha. Zile za hadi GB 32, za aina ya SDHC, hutumia FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye kadi. Kupita hapo ni aina ya SDXC, zenye mfumo mwingine, exFAT. Kompyuta ya zamani ya studio huenda isiijue exFAT, ikakwambia kadi haijafomatiwa, ikuulize kama iifomati, yaani ifute kila kitu. Kataa! Picha zako zimo salama. Zinakili kwenye laptopu ya kisasa, uzihamishie kwenye flashi ya FAT32, ndipo uipeleke studio. Zile alama za C10, U3 au V30 nazo ni kasi ya kuandika: angalau MB 10 kwa sekunde kwa C10, 30 kwa hizo nyingine mbili. Anayepiga video zinamfaa, karatasini hazionekani.

Mara nyingi mwenye makosa ni WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, upande wake mrefu ukashuka hadi pikseli 1600 hivi. Kwa 4 kwa 6 itapita, kwa A4 utaona ukungu, hata kama iliyoipokea ni simu ya GB 256. Itume kama dokumenti, au peleka kadi yenyewe.

Kwa hiyo, ndugu mteja, fundi hahitaji kujua kadi yako ni ya GB ngapi. Fungua maelezo ya faili, umsomee pikseli zake, naye atakwambia mara moja kama A4 itakubali au mshuke hadi 5 kwa 7.