"Atakuwa na dhambi aliyoificha"

Kaa kwenye ofisi ya usharika wowote kuanzia Mufindi hadi Rungwe, hutamaliza wiki hujaisikia: fulani anaumwa mwezi wa nne sasa, angekuwa mwaminifu kweli, Mungu angemwacha hivyo? Basi atubu.

Hiyo hoja ina wenyewe. Ni ya Elifazi, Bildadi na Sofari, wale rafiki watatu waliokwenda kumfariji Ayubu alipoumwa, na Ayubu 42:7 inasema hasira ya Mungu iliwaka juu yao, si juu ya Ayubu. Tena walianza vizuri: walikaa naye chini siku 7, kimya (2:13). Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Wanafunzi nao waliuliza hilohilo kuhusu kipofu, Yesu akakataa: si yeye, wala si wazazi wake (Yohana 9:3). Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu Efeso, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Timotheo alipokuwa anasumbuliwa na tumbo, alimshauri anywe mvinyo kidogo. Hakumwambia akatafute dhambi yake.

Hata hapa kwetu: Wamoravian walifika Rungwe 1891, na vita vya kwanza vya dunia vilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani mwaka 1916, walimu na wazee wenyeji ndio waliobaki na makanisa. Sijasikia mtu akisema ile ilikuwa adhabu yao. Kwa nini basi tunamsema mama mwenye kifua?

Na maneno haya yana madhara. Mgonjwa wa TB anatubu, mwezi wa pili anajisikia nafuu, anaacha vidonge ili kuonyesha imani. Tiba ya kawaida ni miezi 6. Ukikatiza, vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na watoto wanaolala chumba kimoja naye wanavuta hewa hiyohiyo. Ukimwombea, muulize pia kama leo amemeza dawa.

Zaidi ya maombi na dawa, anachohitaji mgonjwa ni kuni. Jumuiya nyingi zinakosea palepale: wiki ya kwanza wanafika watu ishirini kwa mkupuo, saa ya chakula, na mgonjwa ndiye anayeinuka kuwachemshia chai. Wiki ya tatu hafiki mtu. Chagueni watu 6, wagawanyike jozi 3. Kila jozi ichukue siku 2 kwa wiki, Jumapili waachieni ndugu. Jozi inachota maji, inapasua kuni, inafua, inapika uji, inasoma Zaburi moja, inaondoka. Mazungumzo yasizidi dakika 20. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Makete ikikaza, kuni za jioni ziingizwe ndani kabla jua halijazama. Na unga msipeleke wote siku moja, utaingia wadudu.

Dhana nyingine nazipitia haraka.

"Mnyenyekevu hunyamaza." Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani aliuliza, mbona wanipiga? (Yohana 18:23). Paulo alikataa kutolewa gerezani kimyakimya, akataka mahakimu waje wenyewe (Matendo 16:37). Mke anayepigwa asiambiwe avumilie kwa ajili ya ushuhuda. Apelekwe hospitali na dawati la jinsia polisi, kikao cha wazee kitafuata baadaye.

"Kufagia kanisa ni kwa wasio na karama." Wale saba wa Matendo 6 walichaguliwa kuhudumu mezani, na sharti lilikuwa wajae Roho na hekima. Sharti hilo hatumwekei hata mweka hazina.

"Mtumishi mwaminifu hachoki." Eliya alichoka hadi akaomba afe. Malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili (1 Wafalme 19). Mwinjilisti mwenye mitaa mitatu na baiskeli moja apewe siku ya kupumzika kila wiki, na asipigiwe simu siku hiyo kuulizwa ufunguo wa stoo uko wapi.