Masta ya kusoma na kuandika na leseni ya ualimu New York: wanayoambiana watu, na ukweli

Walimu wenzangu mliopo jimbo la New York, haya maneno kuhusu masta ya ufundishaji wa kusoma na kuandika nayasikia kila siku kwenye magrupu yetu na yanawapotezea watu hela na miaka, basi leo niyaandike.

"Ukimaliza masta leseni inapanda." Haipandi yenyewe jamani. Leseni yenyewe ni cheti cha jimbo: unaanza na kinachoitwa Initial, kinadumu miaka 5, na ili upate cha juu yake, Professional, unatakiwa uwe na masta inayohusiana na kazi yako, uwe umefundisha miaka 3, na mwaka wa kwanza uwe umepitia chini ya mwalimu mlezi, halafu bado uingie mwenyewe kwenye mfumo wa jimbo unaoitwa TEACH, uombe na ulipie. Chuo kinatoa digrii, jimbo ndilo linatoa cheti. Mimi nilimaliza chuo nikakaa miezi minne nasubiri kitu ambacho hata sijakiomba.

"Masta ya kusoma ni a e i o u, hiyo kazi ya chekechea." Hii inaniuma kuliko zote, manake sisi tumekua na ba be bi bo bu, ukishazishika silabi unasoma gazeti zima, kwa hiyo tunadhani kusoma ni jambo jepesi kila mahali. Kiingereza hakiko hivyo. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani lilipitia tafiti za usomaji likataja mambo matano: kuzisikia sauti ndani ya neno, kuunganisha sauti na herufi, kusoma kwa mtiririko, msamiati na ufahamu. Nilikuwa na mtoto wa darasa la nne, familia yake imetoka Kongo, amefika "knife" akasoma "ki-ni-fe", taratibu, kidole kiko chini ya herufi, na darasa likacheka. Kwenye karatasi aliandikiwa hajui kusoma. Anajua! Anasoma kila herufi kama Kiswahili kinavyotaka, anachokosa ni kanuni za lugha nyingine, na mwalimu asiyesomea mambo haya atamrudisha kwenye alfabeti mwaka mzima wakati shida haipo huko. Mimi mwenyewe kabla ya masta ningemrudisha.

"Ukisoma masta hiyo lazima uache darasa lako." Hapana, inaweza kukupandishia cheti ulichonacho, na kama programu imesajiliwa na jimbo kwa ajili hiyo na ukafaulu mtihani wa somo, unapata na cheti cha pili cha mwalimu wa kusoma na kuandika, sasa kubaki darasani au kuhamia huko utaamua mwenyewe.

"Ya onlaini haitambuliki." Zipo nyingi zinazotambulika. Kabla hujalipa ada waulize kwa maandishi: programu hii inapeleka kwenye cheti gani cha New York, na mazoezi ya kufundisha chini ya msimamizi nitayafanyia wapi? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, tafuta chuo kingine.

"Ukishapata Professional umemaliza." Ukiwa unafundisha shule za umma unatakiwa saa 100 za mafunzo kila miaka 5, kwa hiyo kila semina unayokwenda omba karatasi yake siku hiyohiyo na uiweke mahali utakapoiona.