Photoshop ikigoma kufunguka, usikimbilie kupiga Windows

"Fundi, nipigie Windows mpya, Photoshop imegoma." Hapa Mwanjelwa, Mbeya, naisikia karibu kila wiki kutoka kwa wapiga picha wanaotumia programu hii kurekebisha picha, hasa msimu wa harusi na kipaimara, na kila mara inaniuma. Picha za wateja wa mwenye kompyuta ziko hapohapo diski C, ile inayofutwa ukipiga Windows, juu ya Desktop, na hazina nakala nyingine popote.

Jumamosi alikuja kaka mmoja mwenye studio Tukuyu. Photoshop yake ilikuwa inaleta ile picha ya mwanzo, inasoma kidogo, inapotea. Fundi wa kule alishaifuta na kuiweka upya mara mbili, akataka sasa kupiga Windows. Jamani! Wakati wa kuifuta, Photoshop huuliza kama ubakize mipangilio yako. Ukibakiza, faili la mipangilio linakaa kwenye folda ya AppData, na kama ndilo bovu, programu mpya inalirithi na ugonjwa wake. Umeme kukatika ghafla programu ikiwa wazi unatosha kuliharibu.

Kwanza nilinakili folda ya mipangilio, maana ndimo zilimo actions zake, yaani hatua za kuhariri alizorekodi ili zijirudie zenyewe, alizotengeneza kwa miaka. Kisha nikabofya Photoshop na papo hapo nikashikilia Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja. Likaja swali la kufuta mipangilio, nikakubali. Ikafunguka. Picha za harusi zote zipo, alichopoteza ni mipangilio tu, kama ule wa paneli.

Sababu nyingine ninazoletewa: "RAM ndogo." Adobe, wenye Photoshop, wanataka angalau GB 8, sawa. Lakini ujumbe wa scratch disk kujaa, yaani diski ambayo Photoshop huweka kazi zake za muda, unazungumzia nafasi kwenye diski, si RAM. Ongeza RAM utakavyo, diski C yenye MB 600 itakugomea tu. Futa mafaili ya muda, au shika Ctrl na Alt wakati inafunguka uichagulie diski nyingine.

"Ni virusi." Kwa waliokraki, yaani wanaotumia Photoshop ya wizi, mara nyingi antivirusi ndiyo imeondoa faili la programu. Nunua halali, studio inakuingizia hela.

"Ni baridi ya Juni." Hapana. Kama Windows imewaka na programu nyingine zinafunguka, baridi haikuchagua Photoshop peke yake.

Uliongeza plagini juzi, vile vijiprogramu vya nyongeza ndani ya Photoshop? Shika Shift wakati inafunguka, itakuuliza kama iziruke. Ikifunguka bila hizo, zitoe zote, kisha rudisha moja moja mpaka umkamate mkorofi.