Je, wajua kwa nini Abraham Lincoln aliruka dirishani?

Kabla ya kuwa rais wa Marekani, Abraham Lincoln alitumikia vipindi vinne katika Baraza la Wawakilishi la jimbo la Illinois, kati ya 1834 na 1842. Tarehe 5 Desemba 1840, mjini Springfield, aliinua dirisha la ukumbi wa kikao akaruka nje. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kuruka huko kulivunja akidi (idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali) na kuinusuru Benki ya Jimbo, na nimewasikia wengi wakisimulia hivyo hivyo. Sivyo. Hata jengo si lile la bunge linalodhaniwa: lilikuwa bado linajengwa, na wajumbe walikutana kanisani.

Sheria iliiruhusu benki isibadilishe noti zake kwa sarafu za dhahabu na fedha hadi kikao kijacho cha bunge kifungwe. Kwa kuwa gavana Thomas Carlin alikuwa ameitisha kikao maalumu kabla ya kile cha kawaida, Wademokrati walitaka kukifunga kabisa ili muda wa benki ukome. Wanachama wa chama cha Whig, wapinzani wa Wademokrati walioitetea benki, wakasusia ili akidi ya theluthi mbili isitimie, wakawaacha ndani wachache, akiwemo Lincoln na mwenzake Joseph Gillespie, wadai kura ya kuitwa majina, ili ionekane kama akidi imetimia.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Fikiria basi lisiloondoka mpaka lijae. Asiyetaka liondoke humfaa kubaki kituoni. Lakini mmoja wao akipanda ili achungulie kama viti vimejaa, konda humhesabu naye, na basi likishang'oa nanga, kuchupa kwake hakulirudishi kituoni. Akidi nayo hutazama nani yumo wakati wa kuhesabu, wala haiulizi amekuja kwa nia gani.

Gillespie, katika kumbukumbu aliyoiandika zaidi ya miaka ishirini baadaye, na kwa hiyo inayohitaji kusomwa kwa tahadhari, anasema kwamba baadhi ya wana-Whig walikamatwa wakaletwa ukumbini. Yeye na Lincoln wakauendea mlango, wakaukuta umefungwa, wakatoka dirishani pamoja na Asahel Gridley. Lakini kufikia hapo kikao kilikuwa kimekwisha kufungwa. Gillespie aliamini kwamba Lincoln alijutia mpango huo daima, kwani alichukia kila kilichonukia uasi.