Je, wajua? Mlipuko unaweza kuumiza ubongo bila kitu chochote kukugusa

Mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na tena Gongo la Mboto Februari 16, 2011, huku Dar kila mtu alikuwa anamuuliza mwenzake swali hilo hilo, umepigwa na kitu? Kama chuma hakijakupata, ukuta haujakuangukia wala hujarushwa chini basi umepona, mshukuru Mungu. Na mimi niliamini hivyo miaka mingi, kwamba bila damu na bila nundu hakuna jeraha la kichwa. Sio kweli. Hata ile ya "mbona masikio yake mazima" haitoshi, ngoma ya sikio inaweza kubaki salama na ubongo ukaumia.

Kinachoumiza hapo ni presha. Bomu likilipuka gesi inatanuka ghafla mno, inaigandamiza hewa iliyo karibu, na ule mgandamizo unakimbia kuliko sauti, ambayo yenyewe inaenda kama mita 340 kwa sekunde. Chukulia foleni ya mwendokasi saa za jioni, watu wamebanana, wa nyuma akisukuma anabaki pale pale alipo lakini wa mbele kabisa anayumba. Ile sukuma imepita ndani ya watu. Wimbi la mlipuko nalo linapita ndani ya mwili hivyo hivyo, kwa muda mfupi mno, ukiigawa sekunde moja vipande elfu moja, ni vipande vichache tu.

Sasa ubongo sio kitu kimoja cha aina moja, kuna sehemu ya kijivu, kuna nyeupe, kuna mishipa ya damu, kuna maji, na kila kimoja kina uzito na ulaini wake, kwa hiyo wimbi likipita haviyumbi sawasawa. Ni kama fundi akushonee kanga kwenye jinzi halafu mtu aivute kwa nguvu, kanga inaweza kubaki nzima na jinzi nzima, ila mshono ukaachia. Wimbi linapitaje mpaka kufika kule, kwenye fuvu lenyewe au linasukuma kifua na presha inapanda na mishipa ya damu, wataalamu bado wanabishana.

Zamani askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia walirudi wanatetemeka, wamesahau vitu, hawana hata mkwaruzo. Daktari Charles Myers aliwaandika kwenye jarida la The Lancet mwaka 1915, ila wengine wakaishia kuitwa waoga. Kweli wengi wao waliumizwa na hofu ya vita yenyewe, sio wote ni ubongo, na kuwatenganisha ni kazi ngumu mpaka leo.

Ila mwaka 2016 Daniel Perl na wenzake Marekani walitoa matokeo ya kuchunguza kwa darubini bongo za wanajeshi marehemu waliowahi kukumbwa na milipuko, wakakuta makovu pale pale kwenye mishono: kijivu kinapokutana na nyeupe, kuzunguka mishipa ya damu, na ubongo unapopakana na maji. Makovu ya namna hiyo CT scan haiyaoni, mtu anaweza akapimwa na picha ikatoka safi kabisa.