Kamera ya rivasi imezima? Usikimbilie kununua nyingine

Mwaka jana nilinunua kamera za rivasi mbili ndani ya mwezi mmoja, na kumbe hata ile ya zamani niliyoitupa kwenye pipa ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa waya mmoja mwembamba kama tambi, umekatika ndani ya ule mpira unaopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kwenda mlango wa nyuma. Fundi wa tatu ndiye aliyeuvuta ule mpira akaniita, "bosi njoo uone mwenyewe", naangalia waya unaning'inia na shaba yake imeshakuwa ya kijani. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia.

Dhana inayokula hela za watu kuliko zote ni hii, skrini ya redio ikiwa nyeusi basi kamera imekufa. Sio lazima. Weka gia R halafu tulia uangalie skrini inafanya nini. Kama redio inaendelea tu kupiga muziki kama vile hakuna kilichotokea, maana yake haijui kama umeingiza rivasi, kamera yenyewe hata haijaulizwa. Hapo unatafuta waya wa triga, yaani ule unaoiambia redio kuwa umeweka rivasi, kwenye kamera za kununua dukani mara nyingi ni kale kawaya kekundu kembamba kanakotokea pembeni ya jeki ya njano nyuma ya redio, kakichomoka tu hako skrini haibadiliki ng'o. Lakini kama skrini inabadilika halafu inakuwa nyeusi au bluu na kuandika No Signal, redio imefanya kazi yake, ila picha haifiki. Sasa ndio uende nyuma, na ukifika nyuma usianze na kamera, anza na nyaya.

Na nyaya zinakatikia wapi? Kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Fikiria gari la familia, buti linafunguliwa asubuhi kuweka mabegi ya shule, mchana sokoni, jioni tena, kila siku nyaya zinakunjwa na kukunjuliwa palepale, lazima siku moja ziseme basi. Jaribio lake halina gharama. Egesha sehemu tambarare, vuta hendibreki, swichi iwe oni bila kuwasha injini, weka R, halafu mtu akae mbele aangalie skrini wakati wewe unanyanyua na kushusha mlango taratibu huku unauminya-minya ule mpira. Picha ikija na kupotea umeshampata mwizi. Fundi anakata kile kipande kibovu anaunga waya mpya wenye urefu wa kutosha kukunjika, na hapo mwambie achome na lehemu sio kusokota na kuzungushia tepu, na maungio yenyewe akayaweke nje ya sehemu inayokunjika la sivyo mtaonana tena. Mimi yule wa tatu alinichaji elfu 15 nikaona aibu hata kubishana bei.

Kuna wanaosema "taa ya rivasi inawaka, kwa hiyo umeme upo". Upo kwenye taa, sawa, kwenye kamera je? Waya unaweza kuwa umekatika baada ya taa, au ethi ya kamera (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) imefungwa kwenye skrubu iliyoshika kutu. Weka testa kwenye plagi ya kamera penyewe, swichi ikiwa oni na gia iko R, injini imezimwa, unatakiwa uone kama volti 12. Ila kinyume chake kina msaada mkubwa, kamera imezima NA taa za rivasi hazijawaka, hapo achana kabisa na kamera, kagua fyuzi, na fyuzi ikiwa nzima nenda kwenye swichi ya rivasi kule kwenye gia boksi.

Halafu hii ya "kamera yangu ni woterprufu" ndio wanaipenda vijana wa kuosha magari. Ile IP67 iliyoandikwa kwenye boksi maana yake imejaribiwa kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, haizungumzii mashine ya presha inayosogezwa mpaka inagusa lenzi. Maji ya presha yanapenya kwenye mpira wa kuzuia maji, kesho yake unaona ukungu ndani ya kioo, unafuta hautoki kwa sababu uko ndani. Na tafadhali usisugue lenzi kwa dawa ya meno kama watu wanavyofanya kwenye taa za mbele, inakwaruza, kitambaa laini chenye maji kinatosha.

Picha imegeuka, kulia imekuwa kushoto? Hiyo sio mbovu. Kamera nyingi za bei rahisi zina vikitanzi viwili vya waya, mara nyingi cheupe na cha kijani, kimoja cha kugeuza picha kingine cha kuondoa ile mistari ya kuegesha, soma kikaratasi kabla ya kukata. Vilevile ukinunua kamera ya AHD (mfumo wa picha kali zaidi) ukaichomeka kwenye redio ya zamani inayosoma CVBS tu (mfumo wa picha wa zamani), utapata skrini tupu au picha inayorukaruka, na utamtukana muuzaji bure.

Ya mwisho ni ya wenye gari kutoka Japani wanaobadilisha redio ya kiwandani kuweka ya Android. Unaambiwa "kamera yako haishiki hii redio, nunua nyingine". Mara nyingi inashika, ila inataka adapta. Kamera nyingi za kiwandani za Toyota zinatumia volti 6 hivi, zinazotoka kwenye redio yenyewe, sio kwenye taa ya rivasi. Sasa fundi asiyejua anakata plagi, anaipa 12 za taa moja kwa moja, na hapo ndio kweli inaweza kufa. Kabla hajashika koleo muulize kamera hii inakula volti ngapi, akijibu "zote ni 12 tu bro" mwambie utarudi kesho.